Kufunga Vipambo vya Nje vya Gari la Zamani

Katika ukurasa wetu wa elimu ya ufundi tutaeleza kazi ambayo wengi huidharau kwa sababu huonekana kuwa kazi ya urembo tu, yaani kufunga vipambo vya nje vya gari la zamani. Vipambo hivyo ni fito za kung'aa zinazopita ubavuni mwa gari, fremu za taa na za vioo, na majina na nembo zilizowekwa mbele na nyuma. Mwenye gari huvitazama kwa fahari. Fundi hana budi kuvitazama kwa jicho jingine, maana nyuma ya karibu kila kipambo cha zamani pana tundu katika bati, na kila tundu ni mlango wa maji.

Jambo kubwa tunalotaka msomaji alishike ni hili: kipambo hakishikwi kwa nguvu ya mkono, hushikwa na tundu lililotunzwa. Fundi akitunza tundu, kipambo kitakaa na mlango wa gari utadumu. Akiliacha tundu bila ulinzi, kipambo kitang'aa kwa misimu michache huku bati likioza nyuma yake. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari, usipoziba tundu utanunua mlango.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Mjini Bujumbura mtaa wa Buyenzi umejulikana kwa miaka mingi kwa mambo mawili: lugha ya Kiswahili na ufundi wa magari. Mzazi anayefanya kazi kiwandani, au anayechuma chai huko Teza au Rwegura, akitaka mwanawe ajifunze ufundi huo, jina la Buyenzi halikosi kutajwa. Kijana hujifunza kwa kutazama na kwa kushika, na mara nyingi kazi za kwanza anazopewa ni kufungua na kufunga vitu vya nje. Basi ni vema ajue sababu ya kila hatua, asiige mikono ya mkubwa wake tu.

Magari yenyewe ni yale tuliyoyazoea: Peugeot 404 iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, Peugeot 504 iliyofuata mwaka 1968, na Volkswagen ile yenye mgongo wa mviringo. Sifa yao katika nchi zetu haikuja kwa bahati. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, katika njia za vumbi na matope zilizovunja magari mengi. Lakini 404 ya abiria iliacha kuundwa Ufaransa mwaka 1975, na Volkswagen ya mwisho ya aina ile ilitoka kiwandani nchini Meksiko mwaka 2003. Burundi haina bahari, na vifaa vingi vinavyotoka ng'ambo hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, kisha husafiri mwendo mrefu kabla ya kutufikia. Kwa hiyo ufito ukivunjika mkononi mwa fundi, si rahisi kupata mwingine dukani. Anayelaumiwa ni fundi, na aghalabu anayelipa ni mwanafunzi wake.

Hata wewe usiyeshika gari kamwe utaona faida. Mambo tutakayoeleza kuhusu tundu, metali mbili zinazogusana, na nati inayokazwa kupita kiasi, yote yamo pia katika mashine ya kiwanda, katika tangi, na katika bati la nyumba yako.

AINA NNE ZA VIFUNGIO

Kabla ya kugusa kipambo ni lazima ujue kimefungwa kwa njia gani. Katika magari ya zamani utakutana zaidi na njia nne.

Kwanza, kibanio. Hiki ni kipande kidogo cha chuma chenye tabia ya springi, au cha plastiki, kinachosukumwa ndani ya tundu la bati. Ufito wenyewe una kingo mbili zilizokunjwa kwa ndani, nazo hukishika kibanio kwa juu na kwa chini. Hapa ufito haukazwi kwa nati. Nguvu yote ni ya springi.

Pili, boliti yenye kichwa bapa. Kichwa chake kina pande mbili ndefu na mbili fupi, nacho huingia katika mfereji wa ufito. Shina hupita katika tundu la bati, na nati hukazwa kutoka ndani ya mlango au ndani ya buti. Aghalabu boliti ya namna hii huwekwa kwenye ncha za ufito, hata kama katikati pana vibanio.

Tatu, vijiti vilivyo sehemu ya kipambo chenyewe. Majina na nembo nyingi zilimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki, na vijiti vyake vikatoka pamoja nazo. Vijiti hivyo hupita katika bati na kushikwa kwa nati nyembamba au kwa kizibo cha plastiki. Metali hii huvunjika kwa urahisi. Kijiti kikikatika, hakuna springi wala nati itakayokirudisha.

Nne, skrubu, ambayo mafundi wengi wa Bujumbura huiita visi. Hutumika zaidi kwenye fremu za taa na kwenye kingo ambazo kichwa cha skrubu hakionekani.

Katika magari ya karibuni imeongezeka njia ya tano, ya utepe wenye gundi pande mbili. Tutaieleza mbele.

METALI MBILI NA MAJI: HAPO NDIPO HASARA HUANZIA

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga vipande vya metali mbili tofauti, na kati yake akatia kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Akapata umeme. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Fundi anayeweka ufito wa metali moja juu ya bati la metali nyingine, kisha akaruhusu maji machafu kukaa kati yake, hujenga betri ndogo bila kukusudia. Katika betri hiyo metali moja huliwa na nyingine hupona.

Nguvu hiyo si adui siku zote. Bati la nyumba limepakwa zinki kwa sababu zinki huliwa kwanza na kukinga chuma kilicho chini yake. Ndiyo maana bati jipya hukaa miaka mingi bila kutu, hata likikwaruzwa kidogo. Lakini ufito uliotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu hufanya kinyume. Wenyewe haudhuriki. Kinacholiwa ni bati la gari.

Hapa pana jambo ambalo fundi mwenye haraka halioni. Ikiwa ufito ni mkubwa na mkwaruzo wa rangi ni mdogo, bati huliwa upesi zaidi pale penye mkwaruzo, kwa sababu uharibifu wote hukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo mkwaruzo mdogo chini ya ufito ni hatari kuliko unavyoonekana.

Mfano mkubwa upo New York, Marekani. Sanamu ya Uhuru iliyozinduliwa mwaka 1886 ina ngozi ya shaba na mifupa ya chuma. Wajenzi walitia kizuizi kati ya metali hizo mbili, lakini kwa miaka mingi kizuizi hicho kilichakaa, maji yakaingia, na chuma kikaliwa vibaya. Katika matengenezo ya mwaka 1984 hadi 1986 vyuma vile vilibadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu, na kati yake na shaba pakawekwa utando wa plastiki. Kazi hiyo ndiyo ile ile ya washa ndogo ya nailoni ambayo fundi wa mtaani huitupa akisema haina maana.

KABLA YA KUFUNGUA: ANDIKA

Osha gari, kisha lizunguke pamoja na mwenyewe. Andika kila kipambo kilichopo, kilichokosekana, kilichopinda na kilichokwaruzika. Piga picha kwa simu ikiwa unayo. Orodha hiyo isainiwe na pande mbili. Kufanya hivyo si kumshuku mteja, ni kumlinda mfanyakazi. Mwanafunzi wa gereji hana ushahidi mwingine siku atakapoambiwa kwamba yeye ndiye aliyepinda ufito uliokuwa umepinda tangu zamani.

Kila kipande kikitoka, andika nyuma yake ni cha upande gani na cha mahali gani: kushoto mbele, kushoto mlangoni, na kadhalika. Fito mbili zinaweza kufanana kwa macho zikatofautiana kwa milimita chache. Vibanio na nati za kila ufito zitiwe katika kopo lake. Usichanganye.

KUFUNGUA BILA KUHARIBU

Anza ndani, usianze nje. Ondoa ubao wa ndani wa mlango au zulia la buti, utafute nati. Fundi anayeingiza bisibisi chini ya ufito na kuvuta, kumbe ncha yake imefungwa kwa nati, ataupinda ufito na kuchana rangi kwa pigo moja.

Nati zilizoshika kutu zitiwe mafuta ya kupenya na kuachwa zinywe. Ikiwa boliti inazunguka pamoja na nati, usilazimishe. Ishike kwa koleo au uikate shina kwa taratibu. Boliti inaweza kutengenezwa upya, ufito hauwezi.

Kwa ufito wa vibanio, bandika utepe wa karatasi juu ya rangi, kisha tumia kabari ya mbao ngumu au ya plastiki. Inua karibu na kila kibanio, kidogo kidogo, ukienda kutoka ncha moja hadi nyingine. Usiinue ncha moja juu sana, maana ufito ukishavunja mgongo wake alama haitoki. Ukiwa mrefu, muwe watu wawili.

JUA METALI KABLA YA KUSUGUA

Wengine husema sumaku hutambulisha kila kitu. Si kweli. Chuma cha kawaida kilichopakwa kromu huvutwa na sumaku, lakini pia kuna chuma kisichoshika kutu kinachovutwa. Tazama na dalili nyingine. Alumini ni nyepesi, uzito wake ni karibu theluthi moja ya chuma. Kromu juu ya chuma ikiharibika hutoa kutu nyekundu. Kromu juu ya zinki hutoa malengelenge na unga mweupe.

Ufito wa chuma kisichoshika kutu unaweza kunyooshwa kwa nyundo ndogo kutoka nyuma, juu ya mbao, kisha ukasuguliwa kwa msasa wa maji, namba 400, 600 na 800, na mwisho ukang'arishwa. Kipambo cha kromu usikisugue kwa msasa. Tabaka la kromu ya urembo kwa kawaida halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukilisugua limekwisha. Alumini nayo mara nyingi ilipewa kiwandani ngozi ngumu ya kuikinga. Ukiiondoa ngozi hiyo kwa gurudumu la kung'arishia, ufito utameta kwa muda mfupi kisha utafifia. Kipambo cha namna hiyo kioshwe kwa sabuni laini na kupakwa nta, basi.

KUTUNZA TUNDU

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nayo hufanywa mahali ambapo mteja hataona.

1. Safisha kila tundu, mbele na nyuma ya bati. Ondoa kutu mpaka uone chuma cheupe. Kutu iliyofunikwa kwa rangi huendelea kula.

2. Ikiwa tundu limeliwa likawa kubwa, au ukingo wake umekuwa mwembamba kama karatasi, kata sehemu mbaya, chomelea kipande cha bati, kisha toboa tundu jipya. Usijaze mastiki na kutoboa humo. Mastiki haina nguvu ya kushika kibanio, na ikipata ufa hukaa na maji kama sponji.

3. Ukitoboa tundu jipya, pima mara mbili. Piga alama kwa ncha kali ili drili isiteleze. Anza na drili ya milimita 2, kisha ongeza hadi kipimo unachotaka. Funga kizuizi kwenye drili isizame sana. Kabla ya kutoboa chungulia ndani: kuna kioo? Kuna waya? Kuna bomba la mafuta?

4. Ondoa mabuzi yote ya chuma, hasa yale yaliyoanguka chini ndani ya mlango. Yakiachwa humo yatashika kutu na kuziba matundu ya kutolea maji.

5. Lainisha ukingo wa tundu kwa tupa, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha paka rangi ya gari hadi ndani ya ukingo. Acha ikauke vizuri. Rangi iliyokauka juu tu hukwanguliwa na kibanio siku ile ile, na kazi yako yote ikawa bure.

6. Nyuma ya bati, pale mkono unapofika, paka nta au grisi nyepesi.

KUFUNGA

Anza na mstari. Vuta uzi kutoka mbele hadi nyuma, au bandika utepe wa karatasi, ukifuata mkunjo wa bati ambao kiwanda kiliuweka. Rudi nyuma hatua kumi ukatazame. Jicho la aliye mbali huona kosa ambalo jicho la aliye karibu halioni. Kosa lisahihishwe sasa, si baada ya tundu kutobolewa.

Anza na ufito wa mlango, kisha wa mbele na wa nyuma uufuate huo. Fungua na ufunge mlango pole pole ili uone kwamba ncha za fito hazigongani. Ncha moja ikigonga, rangi itachubuka, na tumeshaeleza yanayofuata mahali rangi inapochubuka.

Kila kibanio kiwekwe pamoja na kizibo chake cha raba. Kama raba ya zamani imekauka, kata mpya kutoka kwenye raba laini na safi. Tia kidogo lakiri ya kuzibia inayobaki laini. Wengi sasa hutumia silikoni. Basi jihadhari na ile inayonuka siki inapokauka, maana harufu hiyo ni asidi, na asidi hula chuma. Iko ya aina nyingine isiyo na harufu ya siki, hiyo ndiyo inayofaa.

Vibanio vikishakaa, ingiza ukingo wa juu wa ufito kwanza, kisha bonyeza ukingo wa chini kwa kiganja mpaka usikie sauti ya kuitika. Nenda kibanio kwa kibanio. Kama hakiitiki usichukue nyundo. Tazama kama kibanio kimekaa upande au kama ufito umefungana kingo zake. Panua ukingo kidogo kwa mbao, ujaribu tena.

Boliti za kichwa bapa zisipopatikana, fundi aweza kuzitengeneza. Chukua boliti ya milimita 4, piga tupa pande mbili za kichwa mpaka kiingie katika mfereji, kisha kizungushe robo mzunguko ili kishike. Chini ya nati weka washa pana, na kati ya metali mbili tofauti weka washa ya nailoni au raba. Kaza kwa vidole kwanza. Kisha ongeza kwa spana kidogo tu, mpaka ufito usitikisike. Ukizidisha utabonyeza bati, na bonde utakalofanya litakusanya maji. Vijiti vya zinki vikazwe kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Kumbuka pia jua letu la bonde la Imbo. Chukua ufito wa alumini wenye urefu wa mita 1.2. Ukipata joto kutoka digrii 20 alfajiri hadi digrii 60 juani, utarefuka kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Bati la chuma la urefu huo huo litarefuka kwa karibu nusu ya hapo. Tofauti ni ndogo, lakini huja na kwenda kila siku. Ufito uliobanwa kwa nguvu pande zote mbili hutafuta nafasi kwa kujikunja au kwa kukwangua rangi. Kwa hiyo kaza katikati, na kwenye ncha acha nafasi ndogo ya kutembea.

KUHUSU GUNDI

Utepe wa gundi una faida moja kubwa: hauhitaji tundu. Kwa kipambo chepesi ambacho hakikuwa na matundu tangu mwanzo, unafaa. Lakini usiutumie kuficha matundu ya zamani yaliyooza. Yazibe kwanza kwa kuchomelea.

Rangi isafishwe kwa spiriti, si kwa petroli, kwa kuwa petroli huacha mafuta. Kazi ifanyike kivulini, bati likiwa kavu na lenye uvuguvugu. Bonyeza kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni. Gundi ya namna hii huongeza nguvu zake kwa siku moja hadi tatu, kwa hiyo gari lisioshwe siku hiyo. Rangi ikiwa mpya ingoje ikomae, la sivyo ufito utang'oka pamoja na rangi.

JARIBIO LA MAJI

Usimkabidhi mwenyewe gari kabla ya jaribio hili. Ubao wa ndani wa mlango ukiwa bado haujarudishwa, mwenzako amwage maji pole pole juu ya ufito kwa kopo, nawe uangalie kutoka ndani kwa tochi. Tone likionekana kwenye tundu, fungua, ziba, ujaribu tena. Kisha hakikisha maji yaliyopita pembeni mwa kioo yanatoka chini ya mlango. Mlango umeundwa ukijua kwamba maji yataingia, ndiyo maana una matundu ya chini ya kuyatoa. Matundu hayo yasizibwe kwa rangi, mastiki wala matope.

Ni afadhali kuona tone hilo mwezi wa Julai wakati wa kiangazi kuliko kuliona kutu mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimemaliza kazi yake.

MACHO, MAPAFU NA VIDOLE

Ndugu wafanyakazi, hakuna ufito wenye thamani ya jicho. Unapotoboa, unaposugua kwa mashine au unapokata boliti, vaa miwani ya kazi. Mwanafunzi anayeshika upande wa pili naye avae. Mwenye gereji anayenunua drili ajue kwamba miwani ni sehemu ya bei ya drili.

Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, ile metali yenye sumu. Vumbi lake halina harufu, nalo hudhuru damu na akili, na huwadhuru watoto zaidi. Gereji nyingi za mtaani zipo ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kwa hiyo sugua kwa msasa wa maji, usipulize vumbi, fagia likiwa limelowa, na nawa mikono kabla ya kula. Nguo za kazi usiende nazo kitandani kwa watoto.

Gurudumu la kung'arishia lina hatari ambayo haionekani mpaka itokee. Ufito mrefu ukinaswa ukingoni, gurudumu huurusha kama mjeledi. Simama kando, shika ufito upande wa chini wa gurudumu, ukielekeza ukingo kwenda mahali gurudumu linapozunguka kuelekea, si kinyume chake. Usivae shati lenye mikono iliyolegea wala glavu za kitambaa. Asiye na kazi hapo aondoke.

KAZI ISIYOONEKANA NAYO NI KAZI

Tumeona kwamba katika kazi hii yote, kufunga ufito wenyewe huchukua muda mfupi kuliko sehemu nyingine yoyote. Muda mwingi hupita katika kuandika, kufungua, kusafisha matundu, kupaka rangi, kungoja ikauke, na kujaribu kwa maji. Mteja anayepita jioni huona ufito mmoja umewekwa, akauliza kwa nini siku nzima imekwisha.

Hapo ndipo fundi huingia katika mtego. Akipatana bei ya kufunga fito tu, atalazimika kuruka kazi ya tundu ili apate chakula chake. Gari litatoka likimeta, na baada ya misimu michache bati litatoboka. Mteja atasema mafundi ni wadanganyifu, fundi atasema wateja ni wabahili, na kila mmoja atakuwa na sehemu yake ya haki. Ubaya ulianza katika mapatano yaliyohesabu kinachoonekana peke yake.

Basi unapopatana bei, taja kila hatua kwa jina. Mwonyeshe mteja tundu lililooza kabla ya kulitengeneza, na umwonyeshe tena likiwa limepakwa rangi, kabla halijafunikwa. Mwanafunzi aliyesafisha matundu arobaini ahesabiwe kuwa amefanya kazi, ingawa hakuna mpita njia atakayemsifu. Na wewe wa kiwandani, unayetia grisi mahali ambapo msimamizi hatazami, au unayepalilia katikati ya mistari ambako gari la wageni halipiti, unajua vizuri tunasema nini.

Mkiwa na gereji, kaeni pamoja muandike bei za hatua hizi, ili fundi mmoja asimshushe mwenzake kwa kuuza kazi isiyo na ulinzi wa tundu. Orodha hiyo ibandikwe ukutani, mahali ambapo mteja na mwanafunzi wote wataisoma.